Chungu cha Jumapili, Chakula cha Jumatano

Mchuzi mzito wa kuku na mboga unaopikwa siku mbili tatu kabla ya kuliwa ni chakula cha majira ya baridi, na Johannesburg ina sababu zake za kuupenda. Jiji hili limekaa juu ya uwanda wa Highveld, mita zipatazo 1,750 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake, tangu Juni hadi Agosti, ni kavu: mchana jua linawaka katika anga lisilo na wingu na joto linafika nyuzi 16 au 17, kisha usiku linashuka hadi nyuzi 4, na mabondeni umande huganda juu ya nyasi. Theluji ni nadra kiasi kwamba watu wanakumbuka ilipoanguka, Agosti 2012 na tena Julai 2023. Hata hivyo nyumba nyingi hazikujengwa kwa ajili ya baridi; baridi ya nje huingia hadi kitandani.

Katikati ya Juni jua linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Anayefanya kazi mjini na kulala Orange Farm, kilomita zaidi ya 40 kusini, anashuka kwenye teksi yake ya abiria kumekwisha kuwa giza. Umbali huo haukuja wenyewe: ni urithi wa sera zilizowaweka wafanyakazi weusi mbali na mahali pa kazi, na mpaka leo unalipwa kwa saa za jioni, zile zile ambazo chungu kingehitaji. Umeme nao una jioni yake. Saa kumi na moja hadi saa tatu usiku ndizo saa ambazo shirika la Eskom huelemewa zaidi. Mgawo wa umeme ulianza mwishoni mwa 2007, ukafikia kilele mwaka 2023 ambapo ulikuwapo kwa zaidi ya siku 300, kisha ukasitishwa Machi 2024 na kurudi kwa siku chache tu mwaka uliofuata. Mgawo ulipungua, lakini desturi ya kutouachia usiku kazi ya jiko imebaki.

Kwa hiyo chungu huwekwa motoni Jumapili alasiri. Lakini kupika mapema si kupika chakula kilekile kwa saa nyingine. Mchuzi wa kuliwa papo hapo huvumilia makosa mengi, kwa kuwa unatoka motoni moja kwa moja hadi mdomoni. Mchuzi wa Jumatano lazima upite katika kupoa, kulala na kupashwa moto, na kila hatua inaubadilisha. Anayeupika vizuri anajua tangu mwanzo ni vitu gani vinavumilia kungoja na vipi havivumilii, na vile visivyovumilia anavishikilia mkononi hadi siku ya kula.

Kuku wenyewe ni wa namna mbili, na kinachowatenga ni umri. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano hivi na kuuzwa vipande vilivyogandishwa, mfuko wa kilo 2 au 5. Kuku wa mayai aliyemaliza kutaga, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, huuzwa akiwa hai kando ya barabara katika vitongoji kama Soweto na Alexandra. Wenyeji wanamwita kuku mgumu na wanampenda kwa ugumu wake. Juu ya hao wawili yuko kuku wa kienyeji aliyekulia uani, aitwaye umleqwa, ambaye kwa kawaida anangoja wageni au sherehe. Mkongomani wa Lubumbashi au Mtanzania anayeishi katika mtaa wa Yeoville jijini hahitaji kuelezwa tofauti hiyo. Ni ileile aliyoiacha nyumbani.

Kwa mchuzi wa kungoja, kuku mzee ndiye bora. Kadiri ndege anavyozeeka, nyuzi za kolajeni zinazoshika misuli yake hukaza na kufungamana, na ndiyo maana anatafunika kwa shida akipikwa haraka. Zikikaa katika joto la juu kwa saa mbili au tatu, nyuzi hizo hulainika na kugeuka jelatini, ile inayoufanya mchuzi ugande ukipoa na kung'ang'ania midomo ukipashwa. Nyama yake haimeguki ovyo siku ya tatu. Kuku wa kisasa hana kolajeni ya kutosha kwa safari hiyo. Kidari chake hukauka na kuwa nyuzinyuzi kikipashwa mara ya pili. Anayemtumia achague mapaja na miguu, aipike dakika 40 hivi, na kidari akiache kwa chakula kingine. Kilo 2 za vipande vyenye mifupa pamoja na uzito kama huo wa mboga hutosha sahani 8 hadi 10.

Vipande vilivyogandishwa vina jambo moja la kuangaliwa. Viwanda huvidunga maji ya chumvi ili visikauke, na mwaka 2016 serikali iliweka kikomo: maji hayo yasizidi asilimia 15 ya kipande. Ina maana kuku anaingia chunguni akiwa tayari na chumvi. Vidonge vya mchuzi na supu za unga pia vina chumvi nyingi, ingawa Afrika Kusini ilitunga mwaka 2013 kanuni za kuipunguza katika vyakula vya viwandani, zikaanza kutumika Juni 2016. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, na shinikizo la damu limeenea nchini humo vya kutosha kuufanya ushauri huo uwe na uzito. Tena mchuzi unaopashwa mara mbili hupungua maji huku chumvi ikibaki palepale. Basi Jumapili mchuzi uachwe ukiwa umepungukiwa chumvi kidogo. Chumvi ya mwisho ni moja ya vitu vinavyongoja Jumatano.

Mboga za majira haya ni nyingi, na nyingi hupitia City Deep, soko kuu la jiji lililohamishiwa huko kutoka Newtown mwaka 1974. Wachuuzi hununua kwa magunia na masanduku, kisha kando ya barabara za Hillbrow na Yeoville huziuza kwa mafungu: viazi, karoti, vitunguu, nyanya, kabichi, boga la manjano lenye shingo ndefu, mashada ya majani mapana meusi ya kijani ambayo Johannesburg, kama Nairobi, huyaita spinachi. Si zote zinazostahili kuingia chunguni siku moja.

Karoti, vitunguu, mashina ya selari na shayiri huvumilia vizuri. Shayiri hata huendelea kunywa mchuzi usiku kucha, kwa hiyo kikombe kimoja kinatosha chungu kizima, na maji ya ziada yataongezwa wakati wa kupasha. Dengu kavu pia hazina matata, nazo huongeza protini kwa bei ndogo kuliko kuku. Boga huanza kumeguka siku ya pili, jambo ambalo si kosa, kwa kuwa linaufanya mchuzi uwe mzito bila unga wala malai. Viazi ndivyo vyenye tabu. Katika friji vinakaa siku mbili tatu bila lawama, lakini vikigandishwa huachia maji na kubaki na chengachenga mdomoni. Sehemu ya kugandishwa isitiwe viazi kabisa. Sahani itapewa wanga wake na ugali au mkate. Spinachi na kabichi changa hazitiwi Jumapili. Zikilala ndani ya mchuzi zinapoteza rangi, zinatoa harufu, na vitamini C iliyokuwa ndani yake, ambayo huharibiwa na joto na kwa kungoja, inakuwa imekwisha zaidi.

Hapo ndipo afya ya mchuzi huu inapokaa hasa, katika mpangilio huo kuliko katika wingi wa viungo. Rangi ya karoti na boga ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nayo hainyonywi vizuri pasipo mafuta. Basi mafuta hayaondolewi yote. Madini na baadhi ya vitamini za kundi B huhamia majini, na kwa kuwa maji hayo hunywewa, hayapotei kama yanavyopotea mboga zikichemshwa na kuchujwa. Kuhusu mafua, mwaka 2000 daktari Stephen Rennard wa Nebraska, Marekani, alichapisha utafiti wa maabara ulioonyesha kuwa supu ya kuku hupunguza mwendo wa chembe fulani nyeupe za damu zinazohusika na uvimbe wa njia za hewa. Hayo yalionekana katika vyombo vya maabara, si katika vifua vya wagonjwa, na mchuzi hauhitaji kupambwa zaidi ya hapo: ni maji ya moto, protini na mboga katika majira ambayo watu hunywa kidogo na hewa kavu inawakausha koo.

Kazi ya moto inaanza na vitunguu vitatu vikubwa katika vijiko viwili vya mafuta, vikaangwe polepole mpaka viwe rangi ya dhahabu. Vipande vya kuku vifuatie kwa mafungu madogo ili viungue kidogo juu, visichemke kwa maji yao wenyewe. Kisha tangawizi, vitunguu saumu, manjano, jira na pilipili manga. Maduka ya bizari ya Fordsburg, yanayoendeshwa kwa vizazi na Wahindi wa jiji hilo, yana kila kitu ambacho mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki angekitafuta, iliki na mdalasini pia. Nyanya zikishaiva na mafuta kupanda juu, maji yamiminwe hadi yafunike nyama, si zaidi.

Maji hayo hayatachemka kama ya pwani. Kwenye mwinuko wa Johannesburg huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Nairobi iko juu karibu sawasawa, kwa hiyo aliyezoea jiko la huko hatashangaa; atakayeshangaa ni aliyetoka Dar es Salaam au Durban akitegemea saa yake ya zamani. Kuongeza moto hakusaidii kitu, maana maji yatakauka haraka zaidi kwa joto lilelile. Kinachosaidia ni muda, au sufuria ya presha, ambayo hupandisha joto la kuchemka kwa kuuzuia mvuke. Kuku mzee aliyehitaji saa mbili pwani apewe karibu tatu, na shayiri itiwe mapema kuliko karoti.

Muda mrefu namna hiyo zamani haukuwa gharama. Katika nyumba nyingi za Soweto jiko la makaa ya mawe lilikuwa likipasha chumba na kupika kwa moto mmoja, na chungu kilikaa pembeni mwa bamba lake mchana kutwa. Moshi wake ulilipiwa kwa mapafu. Bado asubuhi za Julai wingu la kijivu hulala juu ya vitongoji ambako makaa yanawashwa. Hatari zaidi ni imbawula, debe la makaa lenye matundu: likiingizwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na kila majira ya baridi huua watu usingizini. Hakuna mchuzi unaostahili kuivishwa kwa gharama hiyo.

Njia nyingine ya kupata muda bila moto ni kulifungia joto. Chungu kinachochemka hufunikwa na kuwekwa ndani ya kitu kinachozuia joto lisitoke, nacho kikaendelea kuiva peke yake kwa saa kadhaa. Sanduku lililojazwa nyasi kavu lilifanya kazi hiyo katika nchi nyingi kabla ya umeme. Mwaka 2008, nchi ikiwa katika giza la mgawo, Sarah Collins wa Afrika Kusini alilirudisha wazo hilo kwa mfuko wa kitambaa uliojazwa chembe nyepesi za plastiki, akauita Wonderbag. Blanketi mbili nene na mto hufanya kazi ileile. Lakini mwinuko unaingia hapa pia: chungu cha Johannesburg kinaanza safari hiyo kwenye nyuzi 94, sita pungufu, na kikishuka chini ya nyuzi 60 si salama tena. Kwa hiyo kuku mzee achemshwe kwanza angalau nusu saa, chungu kijae karibu hadi juu maana kilichojaa hushika joto zaidi, kisifunguliwe kuchungulia, na kikitolewa kirudishwe motoni hadi kichemke.

Mapishi mengi yaliyoandikwa huishia pale nyama inapolainika. Kwa mchuzi wa kungoja, hapo ndipo nusu ya pili ya kazi inapoanza, na ndiyo nusu inayoumiza watu ikipuuzwa. Kuna bakteria, Clostridium perfringens, ambao mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Ndani ya nyama na mchuzi unaopoa taratibu, mbegu hizo huamka, na kati ya nyuzi 43 na 47 huongezeka kwa kasi kuliko karibu bakteria wote wanaosumbua jikoni. Ndiyo maana wanaharisha wengi baada ya misiba na harusi ambako masufuria makubwa yalipikwa jana yake: chakula kiliiva vizuri, kikapoa vibaya.

Baridi ya Johannesburg hapa inadanganya. Usiku wa nyuzi 4 unamshawishi mtu akiweke chungu barazani na kwenda kulala, akiamini nje ni friji kubwa. Hewa, hata ikiwa baridi, huchukua joto polepole sana, na chungu cha chuma cha miguu mitatu kinachopendwa nchini humo kimetengenezwa kulishika. Katikati ya lita nane za mchuzi joto la hatari hukaa kwa saa nyingi, na asubuhi jua la Highveld hulipiga baraza kabla mwenye nyumba hajaamka vizuri. Kinachopoza haraka ni maji na upana. Mchuzi hugawanywa katika vyombo vipana, kina kisichozidi sentimita 5, na vyombo vikawekwa ndani ya karai la maji baridi, maji yakibadilishwa yanapopata uvuguvugu. Lengo ni ushuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa nne nyingine. Baada ya mvuke mkali kuisha, unaweza kuingia kwenye friji huku bado una uvuguvugu; kuungoja upoe kabisa mezani ndiko kunakowapa bakteria usiku wao.

Usafi wa mikono na vyombo baada ya kupika una historia chungu nchini humo. Kati ya 2017 na 2018 Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa listeria kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani: zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walifariki, na chanzo kilikuwa polony, soseji nene ya kiwandani inayoliwa bila kupashwa moto. Bakteria huyo hufa kwa joto la kupikia lakini hukua hata ndani ya friji. Wanaoumia zaidi ni wajawazito na watoto wao wachanga, wazee, na wenye kinga dhaifu, katika nchi ambamo watu wapatao milioni 8 wanaishi na VVU. Upawa ulioonja mchuzi mbichi, au ubao uliokatiwa kuku, usiguse tena kilichoiva.

Usiku wa kwanza ndani ya friji hufanya kazi mbili nzuri. Mafuta hupanda juu na kuganda, yakaondolewa kwa kijiko kiasi mtu anachotaka. Ladha za viungo, ambazo nyingi husafirishwa na mafuta, hupenya na kutulia, hata ukali wa manjano na tangawizi ukapungua. Kazi ya tatu si nzuri: mafuta ya kuku ni ya aina inayochacha upesi kwa hewa, na madini ya chuma ya nyama iliyopikwa huharakisha kuchacha huko. Ile ladha ya kuku wa kiporo, kama karatasi iliyolowa, watafiti Tims na Watts waliieleza kisayansi mwaka 1958. Vitunguu, vitunguu saumu na viungo vina kemikali zinazoichelewesha, na nyama iliyozama ndani ya mchuzi haikutani na hewa. Kwa hiyo vipande vizamishwe kabisa katika chombo na mfuniko ubane.

Katika friji mchuzi hukaa siku tatu hadi nne. Zaidi ya hapo ugandishwe mapema, Jumatatu na si Ijumaa, katika vifurushi vya mlo mmoja, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na uliwe ndani ya miezi mitatu. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika ubaridi kwa saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24. Friji ya kawaida kwa saa 4 tu. Zamu ya mgawo ya saa mbili haiuharibu mchuzi, mradi watoto wasifungue mlango kutafuta maziwa.

Jumatano jioni kazi iliyobaki ni ya dakika 20. Kiasi cha kuliwa tu ndicho kinachotolewa, maji kidogo yakaongezwa kwa ajili ya shayiri, na moto wa kati ukatumika hadi mchuzi uchemke kote, katikati ukizidi nyuzi 74. Kama ulikuwa umeganda, ulalishwe kwenye friji tangu Jumanne. Ukichemka, vinaingia vile vilivyoshikiliwa: spinachi iliyokatwa kwa dakika tatu au nne, tui la nazi kwa anayelitaka, ambalo kwenye friza lingejitenga, majani ya giligilani, chumvi baada ya kuonja, na limau nje ya moto. Vitamini C ya limau na spinachi inafika sahanini ikiwa bado na nguvu. Ugali unasongwa pembeni. Unga mweupe wa mahindi wa Afrika Kusini umekuwa ukiongezwa vitamini na madini kwa sheria tangu 2003. Kinachobaki katika sufuria iliyokwisha kupashwa hakirudishwi kwenye friza. Hubebwa kazini kesho yake kikiwa baridi ndani ya mfuko wenye barafu, kikachemshwa tena mara moja, kikaliwa mchana.